Uhuru kwao, Umoja kwetu, na mafao ya wazee wa Jumuiya

Kila wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya Kenya, Tanzania na Uganda iliyovunjika 1977, wanapotaja mafao, jibu ni lile lile: walishalipwa, wakasaini, yamekwisha. Hapa Mwanza, ambako reli na meli za Jumuiya zililisha nyumba nyingi, hata wajukuu wao wameanza kulirudia.

Ukweli umo. Makubaliano ya 2005 yalifikiwa baada ya wazee wenyewe kwenda mahakamani, na serikali ikatoa takriban Sh bilioni 117 kwa watu zaidi ya 31,000. Hazina haiwezi kufungua upya kila jalada kwa kuwa aliyesaini amejuta, na katika orodha ndefu kiasi hicho wajanja hawakosekani.

Ila gawanya fedha hizo: wastani ni kama Sh milioni 3.7 kwa mtu. Halafu itazame shilingi yenyewe, maana hapa ndipo huwa nakwama. Mwaka 1977 dola moja ilikuwa kama Sh 8. Kufika 2005 ilishapita Sh 1,100. Tuseme mtu alikuwa na Sh 20,000 kwenye mfuko wa akiba siku Jumuiya inavunjika. Hizo zilikuwa dola 2,400 hivi. Miaka 28 baadaye, Sh 20,000 zile zile hazifiki dola 20. Kwa hiyo kuuliza kama mzee alilipwa au hakulipwa ni kumkwepa. Yeye anauliza ilitumika shilingi ya mwaka gani, na riba ya kucheleweshwa ilipigwaje. Na hakujichelewesha mwenyewe. Mkataba wa kugawana mali, uliosuluhishwa na Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, ulisainiwa Arusha Mei 1984 na kuitaka kila nchi iwalipe raia wake. Ikapita miaka 21 mingine.

Mali yenyewe ilipata hesabu safi: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Meli za kuvusha mabehewa ya treni ziwani nazo ziligawanywa, MV Uhuru ikawa ya Kenya, MV Umoja ikabaki kwetu. (Angeyatunga mtu majina hayo tungesema anatutania.)

Watu hawakugawanyika hivyo. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa 1983. Mtumishi aliyekuwa Kisumu alirudi huku na familia na mizigo. Nauli na gharama za kuhama zinadaiwa kwa stakabadhi, na nani alizitunza? Asiye na karatasi hana dai, anaambiwa. Lakini karatasi za ajira hutunzwa na mwajiri, na makao makuu ya Shirika la Reli yalikuwa Nairobi.

Wakenya 749 waliishtaki serikali yao kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, wakaambiwa mkataba wa Jumuiya mpya, ulioanza kutumika 2000, haurudi nyuma. Kisheria sina ubishi. Jumuiya mpya imerithi jina, deni imeliacha.

Sisemi kila mzee alipwe tena. Apewe, yeye au msimamizi wake wa mirathi, karatasi moja ya mchanganuo: mshahara wa mwisho, miaka ya kazi, akiba, riba, nauli. Nadhani wengi wangenyamaza hapo. Pengo likionekana, pawe na ofisi ya kulipokea, na ianze na wakubwa kwa umri: aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1977 sasa anaelekea 80.