Historia ya sanaa za maonyesho ina kazi kwa mwigizaji wa Tabora

Kwenye vikundi vya maigizo vya Tabora, na kwa wanafunzi wa sanaa wanaorudi likizo kutoka Bagamoyo au Dar es Salaam, lalamiko ni lile lile: somo la historia ya sanaa za maonyesho linawapotezea muda. Wanataka mazoezi ya sauti, ya mwili, ya kusimama mbele ya kamera. Wanauliza Mgiriki wa kabla ya Kristo atamsaidia nini kijana wa Isevya anayetafuta nafasi kwenye tamthilia ya televisheni. Swali ni la haki, na anayelijibu kwa kukunja uso hajalijibu. Hata hivyo naona walimu wanaoshikilia somo hili wameeleweka vibaya, na hasara ya kutowaelewa tunaibeba sisi huku.

Hoja ya wanaolipinga ina uzito. Kozi ni fupi, ada inalipwa kwa taabu, na anayemwita mwigizaji kazini hamuulizi Sophocles alizaliwa lini. Somo lenyewe mara nyingi hufundishwa kwa kuandikishwa: Wagiriki Thespis, Aeschylus, Sophocles na Euripides, kisha Warumi, kisha Shakespeare, na Afrika inaingia mwishoni muhula ukiwa umekwisha. Mwanafunzi anakariri kwamba tamthiliya ya Aeschylus juu ya Waajemi ilichezwa mwaka 472 KK, anaijibu kwenye mtihani, anaisahau. Kama hiyo ndiyo historia, walalamikaji wana haki ya kuikataa. Sina la kuwapinga hapo.

Ila tuangalie kazi wanayoifanya vijana hao hao wakitoka darasani. Wengi hawaendi kwenye televisheni. Wanaitwa na shirika au halmashauri kwenda Uyui, Kaliua au Sikonge kuigiza kuhusu mimba za utotoni. Igizo lao sote tunalijua. Binti anasoma vizuri. Anatokea kijana wa bodaboda na chipsi na simu ya mkononi. Binti anapata mimba, baba anafoka, mama analia, polisi wanakuja kumkamata mwenye pikipiki. Mshereheshaji anashika kipaza sauti na kuuliza tumejifunza nini, na watoto waliokaa chini mbele wanaitikia kwa pamoja. Posho inagawiwa, gari linaondoka.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba katika Mkoa wa Tabora asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27, na ni Katavi peke yake iliyotupita, ikiwa na asilimia 45. Narudi kwenye hiyo 43 kila ninapoliona igizo la bodaboda, kwa sababu namba kubwa kiasi hicho haiwezi kuwa kazi ya vijana wa pikipiki peke yao. Ndani yake wamo mabinti walioolewa, tena kwa baraka za nyumbani, mahari ikapokelewa na wazee wakashuhudia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na ilipofika mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Sasa, baba aliyepokea ng'ombe anakaa kwenye mkutano wa hadhara, anamwona mwenye bodaboda akifungwa pingu, anapiga makofi. Igizo limemwacha nje kabisa. Ameelimishwa nini?

Waigizaji hawana kosa la uvivu wala la nia. Wamepewa umbo moja la igizo, wakadhani ndilo umbo la igizo tangu dunia iumbwe. Hapo ndipo historia inapokuwa chombo cha kazi. Mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, kijiji cha wilaya ya Kwimba mkoani Mwanza, kwa ndugu zetu Wasukuma. Moja ya mambo yaliyoibuka pale lilikuwa mimba za wasichana wa shule, jambo lile lile tunaloliigiza leo. Hawakufika na igizo lililokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao matatizo yao, wakatumia wigashe, ngoma ambayo wachezaji wake hucheza wakiwa wamekaa, na maonyesho yakaishia kwenye majadiliano ambamo wanakijiji wenyewe walisema nani anahusika na nini kifanyike. Mlama aliyaandika hayo kwenye kitabu chake cha mwaka 1991. Kijana wa kikundi cha Tabora anayeigiza suala hilo hilo, miaka 40 baadaye, kwa watu wenye lugha na ngoma zinazokaribiana na za Malya, hajapata kulisikia jina la kijiji hicho. Kwangu mimi hilo ni pengo kubwa kuliko kutojua kutumia kamera.

Ukiifuata historia nyuma kidogo zaidi, hata umbo la igizo la bodaboda linapata wazazi wake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera zilienea mashuleni kupitia kazi ya mshairi Mathias Mnyampala: anayejua anabishana na asiyejua, mwishoni asiyejua anakiri. Zilikuwa na kazi yake kwa wakati wake. Yalipokuja mashirika ya miaka ya 1990 na kampeni za ukimwi, umbo hilo la mtu kukosolewa hadi akubali lilikuwa tayari mikononi mwa kila mwalimu aliyewahi kuwa mwanafunzi, likatumika tena. Mwanafunzi anayelijua hilo anaweza kuchagua kulitumia au kuliacha. Asiyelijua hana uchaguzi.

Kuna upinzani mwingine ninaoupenda zaidi kuliko ule wa muda, nao unasema: sawa, fundisheni historia, lakini ya nani? Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia Bunge kama Rais, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shuleni walifundishwa nyimbo za Wazungu, akauliza ni wangapi waliofundishwa za Wanyamwezi au za Wahehe. Aliyauliza hayo mtu aliyesoma hapa hapa Tabora kuanzia 1937 hadi 1942. Na mwaka uliofuata hotuba ile, tafsiri yake ya Juliasi Kaizari wa Shakespeare ikachapishwa. Wapo wanaoona mgongano hapo. Mimi naona mtu aliyetaka vyote viwili, na silabasi ingefanya vizuri kumfuata.

Kwa hiyo ningeanza nyumbani. Ningeanza na buyeye, chama cha wacheza na nyoka cha Wanyamwezi na Wasukuma, chenye siri zake, mafunzo yake ya kuingizwa, na umahiri wa kumshika mtazamaji kwa hofu na mshangao. Kisha beni, ngoma ya mashindano iliyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa bara, kikundi cha Marini upande mmoja na cha Arinoti upande mwingine, watu wakivaa sare, wakijipa vyeo vya jeshi, wakiigiza utawala wa Mzungu mbele ya macho yake. Mwanahistoria Terence Ranger aliitungia kitabu kizima mwaka 1975. Mwigizaji gani wa dhihaka ya kisiasa asiyehitaji kuijua beni?

Wagiriki nao wabaki, baada ya hapo. Mwanafunzi aliyekwisha kuiona ngoma yetu kama sanaa ya maonyesho ataielewa korasi ya Athens, lile kundi la waimbaji ndani ya tamthiliya, haraka, maana nayo iliimba na kucheza kwenye uwanja wa kati, watazamaji wakiuzunguka. Atamwelewa pia Ola Rotimi wa Nigeria, aliyemchukua Oedipus, mfalme wa tamthiliya ya Sophocles, mwaka 1968 na kumfanya mfalme wa Kiyoruba. Na atamwona Ebrahim Hussein akitoka kwenye tamthiliya ya jukwaani ya Kinjeketile mwaka 1969 hadi Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976, ambazo umbo lake ni la msimulizi wa hadithi. Miaka saba tu, na mwandishi mmoja amebadilisha njia kwa sababu alijua njia zilizokuwepo.

Kinachobaki kigumu ni nani atakayefundisha, na kwa vitabu gani. Utafiti mwingi juu ya sanaa zetu umeandikwa kwa Kiingereza na umekaa kwenye maktaba za vyuo vikuu, mbali na kikundi cha mazoezi kinachokutana chini ya mwembe huko Ipuli. Walimu wanaoandikisha tarehe hufanya hivyo kwa sababu tarehe ndizo walizopewa. Mtihani nao ungebadilika: badala ya kuulizwa tamthiliya fulani ilichezwa mwaka gani, mwanafunzi apewe wiki mbili akae na wacheza ngoma wazee wa kata yake, aandike walivyoanza, waliofundishwa na nani, watazamaji walikaa wapi, nani alilipa. Kisha alichukue igizo la bodaboda na kulijenga upya, baba mwenye ng'ombe akiwa ndani yake.