Koltani inawapendeza watafiti, barieri ndizo zinatukula

Juma lililopita sokoni Virunga, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kijana mmoja wa utafiti alimwinamia mama muuza makala (makaa ya kupikia), tableti mkononi: "Mama, njiani ni kundi gani la bunduki linakutoza?" Wateja watatu wamesimama, mmoja hatujui katoka wapi. Mama akaanza kufunga gunia. "Mwanangu, mbele ya batu bote hawa?"

Kwenye ripoti ataingia asilimia ya waliokataa kujibu. Hongera.

Sisemi utafiti hauna kazi. Mwaka 2017 IPIS, taasisi ya utafiti ya Ubelgiji, na wenzao walihesabu barieri 798, vizuizi vya njiani vya kutoza wapitao, katika Kivu zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Haya, hiyo nawapa. Lakini wengi wanaoshuka hapa wanatafuta madini ya koltani tu, huko kwenye migodi ya Rubaya. Rubaya, Rubaya, Rubaya! Koltani inaingia kwenye simu za Ulaya, basi ina wafadhili. Makala yanaishia kwenye mbabula zetu, majiko ya nyumbani, nani ayafadhili?

Na hadithi hiyo ya madini tumeshailipia. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya fedha ya Dodd-Frank na kifungu chake cha madini ya vita, kinachotaka kampuni ziseme kama madini yao yametoka Kongo. Septemba ya mwaka huohuo Rais wetu wa wakati huo, Joseph Kabila, akasimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na mkoa wa Maniema, hadi Machi 2011. Wachimbaji wakakosa kazi, karo za watoto zikakosekana. Wenye bunduki wakabaki na bunduki zao.

Mwenye bunduki halazimiki kuwa na shimo la madini. Kamba moja ya kufunga njia inamtosha, barieri hiyo, mahali pasipo na mchepuko. Maharagi, ndizi, ng'ombe, chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), mtu na miguu yake mitupu: wote wanapita hapo, wote wanalipa. Wengine wanakupa jetoni, uionyeshe mbele kwamba umeshalipa. Usiku kijijini kuna "lala salama", kodi ya kulindwa na yuleyule unayemwogopa. Na msinicheke, askari wa serikali naye alikuwa na kamba yake.

(Majina ya wasaidizi wa hapa wanaowapeleka watafiti wageni hadi kwenye barieri mara nyingi hayaonekani kwenye jalada la ripoti. Hilo nina hasira nalo peke yake, siku nyingine.)

Juni 2025 Kongo na Rwanda zilisaini mkataba wa amani Washington, na madini yakapata nafasi yake humo. Kamba zitakatwa lini, na nani? Ninyi watafiti mnaosikilizwa huko, tuhesabieni hiyo kwanza: gunia moja la maharagi kutoka Masisi hadi Sake linalipa wapi, kiasi gani, na kwa nani. Shimo la Rubaya halihami, litawangoja.