Ratiba ya kiwanda: tuivunje lini, tuiache lini?

Saa nne asubuhi mashine inatoa vifuniko vyeupe vya plastiki. Simu inaingia kutoka idara ya mauzo: mteja mkubwa anataka vyeusi vya umbo jingine, tena leo hii. Mashine inasimamishwa. Kalibu, yaani chuma kinachokipa kifuniko umbo lake, ipoe, mipira ya maji ichomolewe, bolti zifunguliwe, winchi iinyanyue. Nyingine ifungwe, ipashwe moto, na vifuniko vya mwanzo vitupwe kwa kuwa havijakaa sawa. Na kutoka nyeupe kwenda nyeusi ndiyo njia nafuu. Vyeupe vikihitajika tena kesho, weusi utaendelea kuchungulia mpaka silinda inayoyeyusha plastiki isafishwe kwa malighafi nzuri itakayoishia kwenye taka.

Anayetetea ratiba isiguswe anaanzia hapo, na hakosei. Oda moja ikisogea, vifungashio, lori na mafundi wa zamu ya usiku vinasogea nayo. Badiliko dogo kwenye bidhaa ya mwisho hushuka ngazi kwa ngazi hadi kupindua oda za malighafi zilizokwisha tumwa. Anayekuuzia malighafi naye, akiona oda zako zinapanda na kushuka, hujihami kwa kuagiza zaidi ya anachohitaji, na mtikisiko unazidi kukua kila unapopanda mnyororo wa ugavi. Jay Forrester, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, alilieleza hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Niongeze kwamba anayepiga simu ya kubadili ratiba mara nyingi siye anayebaki kiwandani hadi usiku.

Lakini tazama yaliyotokea Japani. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha kampuni ya vipuri vya magari ya Aisin mjini Kariya, kilichokuwa kikitengeneza karibu valvu zote za breki zilizotumiwa na Toyota. Akiba haikutosha hata wiki, na laini nyingi za magari zikasimama. Kampuni kadhaa ziliacha kazi zao, zikapewa michoro, zikaanza kutengeneza valvu hizo kwa mashine ambazo hazikukusudiwa kazi hiyo. Baada ya takriban wiki moja uzalishaji ulikuwa umerejea kwa sehemu kubwa. Kampuni inayosifika duniani kwa ratiba tulivu iliokolewa na watu waliovunja za kwao.

Mwaka 2020 ulitoa funzo jingine. Janga la korona lilipoanza, watengenezaji magari wengi walipunguza oda za chipu wakihofia mauzo kuanguka. Wanunuzi wakarudi mapema kuliko walivyotarajia, nafasi kwenye viwanda vya chipu ikiwa imeshachukuliwa na watengenezaji wa vifaa vya elektroniki. Chipu huchukua miezi kutengenezwa. Mwaka 2021 viwanda vya magari vikasimama vikizisubiri.

Kwangu mimi tofauti ya visa hivi ndiyo kiini cha jambo. Moto umeshatokea, hofu ya mauzo ni makadirio. Mashine ikifa au malighafi isipofika, ratiba ya jana haina tena cha kulinda. Makadirio yakiyumba, swali ni kama tutaweza kurudi tulipotoka, na kwa muda gani. Ndiyo maana naunga mkono kufunga ratiba ya siku chache za mbele isiguswe na kuacha wiki zinazofuata zisogee. Urefu wa kufungwa huko utokane na muda wa kupata malighafi na wa kubadili kalibu, na muda huo unapungua watu wakiukazania: mhandisi wa Kijapani Shigeo Shingo alisaidia Toyota kubadili kalibu za mashine za kukandamiza chuma kwa nguvu ya tani 1,000 kwa dakika 3, kazi iliyokuwa ikichukua saa 4.

Basi kuhusu vifuniko vile vyeusi, kabla ya kugusa swichi ningeuliza jambo moja: mteja anaishiwa lini? Kama laini yake inasimama leo jioni, kalibu ishuke sasa hivi. Kama anajaza stoo, vyeupe vimalizike kwanza, vyeusi vifuate zamu ya mchana.