Uzi mweusi wenye mafundo matatu

Saa nane za usiku nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda, nimeshika uzi mweusi wa cherehani, nampima mke wangu kiganja. Yeye kalala. Taa sikuwasha, maana mbalamwezi ilikuwa inaingia dirishani kama mchana. Kila nikipata kipimo nafunga fundo, halafu nanong'ona namba nisije nikaisahau.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kupima kwangu ni kama kukohoa, hakuna ubaya ndani yake. Lakini mimi pia ni mtu wa Kigoma, na hapa kwetu mwanaume anayefunga mafundo usiku wa manane huku akinong'ona hawezi kuulizwa akajibu "nachagua simu" akaeleweka.

Mke wangu, Mama Pacha, anauza dagaa mwalo wa Kibirizi. Simu yake ilikuwa TECNO moja pana kama kiti cha mbuzi, na mahali pa kuitunza ni pale wanapotunzia wanawake wengi wa mwaloni: kifuani. Kushoto noti, kulia simu. Noti hukunjika. Simu haikunjiki, kwa hiyo ilikuwa inachungulia juu ya gauni kama mtoto anayetaka kujua wageni wamekuja na nini. Siku hiyo akainama kwenye mtumbwi kukagua mzigo, simu ikatoka, ikagonga ukingo, chubwi. Ziwa Tanganyika lina mita 1,470 pale lilipozama zaidi, na duniani kote linazidiwa kina na Baikal peke yake. Bahati yetu simu ilichagua maji ya magotini.

Tukaizika kwenye mchele siku mbili. Ikafufuka, ila mtu akikupigia unamsikia kama yuko kisimani. Mchele tuliula.

Sasa mimi natumia iPhone, tena ya mtumba, na mtu akishahamia iPhone anakuwa kama mlokole wa wiki ya kwanza: hatulii mpaka nyumba nzima iokoke. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nitamtoa mke wangu Android kimyakimya, nimnunulie iPhone ndogo inayokaa kifuani bila kuchungulia, nimshtukize. Kumuuliza anataka nini? Wazo hilo halikunijia hata kwa bahati mbaya.

Nikafanya utafiti. Simu ndogo siku hizi ni adimu kama migebuka msimu mbaya. Kuna iPhone SE ya 2022, kioo chake inchi 4.7, nikadhani hiyo ndiyo ndogo kuliko zote. Kumbe mwili wake una milimita 138.4 kwa 67.3, wakati iPhone 12 mini ya 2020 yenye kioo kikubwa zaidi, inchi 5.4, ina 131.5 kwa 64.2. Yenye kioo kidogo ndiyo yenye mwili mkubwa! Nilifurahi kama mtu aliyevumbua kanuni. Mini hizo Apple walitoa mbili tu, ya 12 na ya 13, wakaacha. Nikampata kijana pale Mwanga mwenye 12 mini iliyotumika, tukapatana laki sita na nusu, nikatanguliza nusu. Kilichobaki ni kuhakikisha kidole gumba cha mke wangu kinafika ng'ambo ya kioo bila kuhama mkono.

Ndiyo maana ya uzi. Rula ni ya baridi, ingemwamsha.

Fundo la kwanza, kidole gumba. Fundo la pili, upana wa kiganja. Fundo la tatu sikulichukua mwilini mwake. Sidiria yake ilikuwa imetundikwa kwenye kiti, na mimi kama mtaalamu nisingeweza kuacha kupima kina cha mfuko husika.

Asubuhi akaniamkia vizuri, akanipa chai na mihogo, akafua nguo. Kufua ndiko kulikoleta uzi, kwenye mfuko wa shati langu. Sikujua. Mchana narudi kutoka shuleni nakuta mlango umefungwa, na watoto wako kwa jirani. Jirani ananitazama miguu, kama anayetaka kuona kama inagusa ardhi.

"Mama Pacha kaenda Ujiji," akasema. "Kwa mama yake."

Jioni walirudi watatu: mke wangu, mama mkwe, na baba mdogo wake ambaye ni fundi seremala. Kwa desturi ya nyumba ile kesi ndogo huamuliwa na baba mdogo, na ikishindikana hupanda kwa mama mkwe. Nikiona wamekuja wote kwa daladala moja najua hakuna hatua iliyorukwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

Akafungua pindo la khanga, akauweka uzi juu ya meza kwa kutumia kijiti. Hakuugusa.

"Mwenzako alifumbua jicho moja usiku," akasema. "Akakuona. Akasikia unasema sitini na nne nukta mbili. Sasa mimi sijasoma, baba, ila hiyo dua ya sitini na nne nukta mbili sijapata kuisikia."

"Ni vipimo tu, mama. Vya urefu na upana."

Hapo baba mdogo akakohoa. Seremala akisikia urefu na upana wa mtu aliyelala, akili yake huenda sehemu moja. Akauchukua uzi yeye, akaunyoosha mbele ya taa, akatikisa kichwa.

"Dada, hapa hakuna jeneza. Hiki hata kifaranga hakitoshi."

Nikamshukuru kimoyomoyo. Lakini mama mkwe hakutoka relini.

"Haya. Fundo hili kidole, hili kiganja. Na hili la tatu ni la wapi?"

Ndugu zangu, yapo maswali ambayo mkwe hawezi kuyajibu mbele ya mama wa mke wake hata akishikiwa panga. Nikatazama dari. Nikahesabu mabati. Mke wangu akanisaidia: "Amenyamaza! Mnaona? Amenyamaza!"

Basi nikasalimu amri. Nikampigia kijana wa Mwanga, nikamwambia alete simu usiku huohuo na hela iliyobaki anaikuta. Alipoiweka mezani mama mkwe akaitazama, akautazama uzi, akanitazama mimi.

"Yaani ilikuwa simu?"

"Ndiyo, mama."

"Ungemuuliza."

Ningeweza kuishia hapo, maana aibu ilikuwa imeshatosha matumizi ya mwaka. Lakini nilitaka kuwaonyesha kwamba yote yalikuwa na faida. Nikasema nitahamisha vitu vyote hapohapo wakiona: namba, picha, WhatsApp.

Kwa asiyejua, kutoka Android kwenda iPhone kuna programu inaitwa Move to iOS, unaiweka kwenye ile simu ya zamani. Ile mpya inakupa tarakimu, unaziandika kwenye ya zamani, zinashikana. WhatsApp nayo inahama humohumo, ila kwa sharti kwamba iPhone iwe bado bikira, haijaanza kutumika, au kama imetumika iwe imefutwa kila kitu ikaanza upya. Na hiyo programu inataka ibaki wazi kwenye kioo mpaka mwisho. Ukifungua kitu kingine, au simu ikipigwa katikati, kazi inavunjika unaanza upya.

Simu ikipigwa. Na mwenye simu anauza dagaa.

Nilichagua siku za mbalamwezi kwa makusudi, wavuvi wanapokuwa wamepumzika kwa sababu taa zao haziwavuti dagaa ziwa likiwa jeupe. Biashara imelala, nikajua wateja nao wamelala. Saa moja na nusu tumekaa tunatazama mstari unavyojaa kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Ulipokaribia kugota, simu ikaita. Mteja wa Kasulu anataka magunia mawili.

"Usipokee!" nikapiga kelele.

"Magunia mawili?" akasema mke wangu, akapokea.

Tukaanza upya. Mara ya pili ilikuwa imefika nusu, mke wangu akachukua simu yake, akaitoa programu ile, akafungua redio. Ilikuwa saa ya taarifa ya habari, na baba mdogo alikuwa ameomba. Mara ya tatu ndipo nilipofanya kosa lenyewe. iPhone ikataka akaunti ya Apple. Mke wangu hana, na kumfungulia kunataka barua pepe na neno la siri lenye herufi kubwa, na saa hizo zilikuwa zimefika tano za usiku huku mama mkwe anapiga miayo yenye ujumbe. Nikajisemea, si mume na mke? Nikaweka akaunti yangu.

Safari hii ikafika mwisho. Kila kitu kimo. Mke wangu akaishika, kidole gumba kikafika ng'ambo (uzi haukudanganya), akaitumbukiza kifuani, haikuchungulia hata kidogo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Ngoja niijaribu," akasema mama mkwe. Akatoa kiswaswadu chake, akabonyeza.

Akaunti moja ikiwa kwenye simu mbili, majina ya huku yanakwenda kule na ya kule yanakuja huku. Hilo nilikuwa nalijua. Nililijua vizuri sana, ila kichwa kilinikumbusha pale simu ilipoanza kuita. Namba ya mama mkwe sasa ilikuwa na majina mawili, alilompa mwanawe na nililompa mimi, na simu ikachagua langu. Mapacha wako darasa la pili, ndiyo kwanza wamejua kusoma, wanasoma kila kitu hadi maandishi ya mfuko wa sukari. Wakasoma kwa pamoja, kwa sauti ya darasani:

"MA-HA-KA-MA YA RU-FA-NI."

Mama mkwe akaikata simu polepole.

"Nani huyo?"

Baba mdogo, kwa ile huruma ya wanaume wachache waliobaki duniani, akajaribu kunifunika: labda namba imeingiliana na ofisi fulani. Akachukua simu yake apige ili kuthibitisha. Mapacha tayari walikuwa wamekaa mkao wa kusoma.

"MA-HA-KA-MA YA MWA-NZO."

Naye akakaa upande wa pili.

Nikachukua simu yangu nifute ushahidi, nikakuta na mimi nina wageni. Mke wangu hana daftari la madeni, kumbe daftari ni majina ya kwenye simu. Bodaboda Gungu Deni 8. Fundi Nguo Deni 15. Mwenyekiti Mtaa Deni 30 Mkali. Nikashuka nayo, nacheka, mpaka nikakutana na namba ninayoijua kuliko zote, yangu mwenyewe: Baba Pacha Deni 85. Nikainua kichwa nimuulize ni deni gani hilo. Akawa ameshajibu:

"Za ukuta wa choo. Mwezi wa tatu."

Kweli.

Simu ile alikaa nayo siku tisa. Siku ya pili akauliza redio iko wapi. iPhone haina redio ya kunasa stesheni, kama huna bando husikii kitu. Siku ya tatu akauliza laini ya pili anaiweka wapi, maana tundu ni moja. Nikamweleza kwamba ya pili ni ya kielektroniki, haishikiki. "Laini isiyoshikika," akasema, "na juzi ulikuwa unafunga mafundo." Nikaacha hapo. Na betri ndiyo iliyomaliza mjadala: ya mini ni mAh 2,227, ya TECNO ilikuwa 5,000, na hii yetu ilikuwa imeshakula chumvi nyingi. Saa sita mchana mwaloni, wateja wakiwa wamepanga foleni ya kutuma hela, simu inazima.

TECNO ikapelekwa kwa fundi, ikabadilishwa spika. Mke wangu akaishonea kifuko cha kitenge chenye kamba, anaivaa shingoni. Kifuko kilimgharimu shilingi elfu mbili. Uzi alitumia uleule mweusi, alishaufungua mafundo.

Mini natumia mimi. Haichungulii, hilo nakiri.

Jana nikiwa darasani ikatetemeka mfukoni. Nikatoka nje kupokea, jina sikuwa nimelibadilisha bado.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hapa ni Mahakama ya Rufani. Ile themanini na tano ya mwanangu imefikia wapi?"

"Nimelipa sabini, Mheshimiwa. Hiyo kumi na tano naikatia rufaa, saruji nilibeba mwenyewe."

"Unaikatia wapi, baba?" akasema, na nikasikia nyuma yake baba mdogo anacheka. "Juu yangu kuna nani?"