Kabla ya Injini, Chekecheke

Ndege ya kivita ikiangukia shambani pua ikiwa chini, injini huzama mita kadhaa ardhini, mabawa yakabaki juu yamekunjamana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wanajeshi walikuja, wakaokota vilivyoonekana, wakafukia shimo, na mkulima akaendelea kulima. Leo juu ya ardhi utakuta vipande vya alumini vidogo kama ukucha, vimeburutwa huku na huko na jembe la trekta.

Watu wakisikia habari hizi, swali la kwanza huwa: injini ipo? Kwangu mimi, swali hilo ndilo lililoharibu kazi ya kufukua mabaki ya ndege hizi. Uingereza, katika miaka ya 1970, wapenzi wa ndege walikuwa wakipeleka tingatinga asubuhi, jioni Merlin, injini ya ndege kama Spitfire, imeshatolewa na shimo limefukiwa. Injini ikaoshwa, ikasifiwa. Mara nyingi hakuna aliyepima kina wala kuchora ramani. Sasa utajuaje ndege iliingia kwa pembe gani, au ilikuwa ikiwaka moto kabla ya kugonga? Jibu lilikuwa kwenye udongo uliotupwa pembeni.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 ilitia breki. Ndege yoyote iliyoanguka ikiwa kazini jeshini inalindwa, na hata mwenye shamba haruhusiwi kuifukua bila kibali cha Wizara ya Ulinzi. Kukiwa na uwezekano wa kukuta mwili, kibali kwa kawaida hakitoki. Safi kabisa.

Linganisha enzi hizo za tingatinga na Holme Fen, Cambridgeshire, mwaka 2015. Wanaakiolojia walifukua ndege ya kivita Spitfire, namba X4593, iliyoanguka Novemba 1940 ikiwa mazoezini na kumuua rubani wake, Harold Penketh, kijana wa miaka 20. Kazi ya namna hii ni ya magoti. Unapita na kigundua metali, kila kipande kinawekewa alama mahali pake, kisha unashuka hadi kwenye udongo uliogeuka kijivu, ambao mara nyingine bado unanuka mafuta. Huo nao unachekechwa, ndoo kwa ndoo. Kifungo cha koti kisicho cha metali hakipigi kelele kwenye mashine.

Wapo wanaosema mabaki yaachwe yalale. Nawaelewa, ila alumini hailali: mbolea za viwandani huila mpaka ibaki unga mweupe. Kwa hiyo sikatai kuchimba. Ningekuwa mimi natoa vibali, ningemuuliza mwombaji ana chekecheke ngapi, na atakaa shambani siku ngapi.