Pishi Moja kwa Kila Kichwa

Julai iliyopita jumuiya yetu hapa Uyole, Mbeya, nusura igawanyike kwa sababu ya mahindi. Ndugu mmoja aliuza mavuno yake yote kwa mfanyabiashara aliyekuja na fuso, tena kwa lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, na alipoulizwa watoto watakula nini akajibu kwamba Mungu wa Julai ndiye Mungu wa Februari. Wengi wakaitikia amina. Mzee mmoja, mkulima wa siku nyingi, akaguna tu.

Mimi nilikuwa na walioitikia amina, na sababu zangu bado naziona zina uzito. Sala ya Bwana inaomba riziki ya leo, haiombi ya mwaka. Mathayo 6 inatutajia ndege wa angani ambao hawapandi wala hawakusanyi ghalani, na majirani zetu Waislamu wana hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inayosema karibu hayo hayo: ndege hutoka asubuhi na njaa, hurudi jioni wameshiba. Mtu aliyeridhika hakeshi akihesabu bati za jirani, wala haingii kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili sebule yake ifanane na ya shemeji. Na katika mji huu, ambako mahubiri ya kupanda mbegu ya fedha ili uvune mara mia hayakosi wasikilizaji, nimeshamwona mzazi akitoa ada ya mtoto madhabahuni kisha akarudi nyumbani kusubiri muujiza. Karibu na hayo, kuridhika kwa ndugu yetu kulionekana afya tupu.

Ila ndege wa Tirmidhi hutoka kiotani. Hilo nililisoma mara nyingi bila kuliona.

Tena kuna suala la mvua. Huku kwetu inaanza karibu na Novemba na kukatika Aprili au Mei, basi. Ukiacha wenye mabonde ya kumwagilia, mahindi tunavuna mara moja. Dereva wa bodaboda wa Mwanjelwa anaweza kuomba riziki ya leo asubuhi na kuishika mkononi jioni. Mkulima wa Mbozi au Mufindi, "leo" yake ina miezi kumi na miwili. Akila leo yake yote Julai, Februari hatakuwa amemtegemea Mungu, atakuwa anakopa.

Wanaopinga kuweka akiba hupenda kukimbilia Kutoka 16, pale mana iliyolazwa hadi asubuhi ilipotoa mabuu na kunuka. Wasome mbele kidogo. Siku ya sita watu waliokota maradufu, wakalaza, na haikuoza, kwa kuwa siku ya saba hapakuwa na kitu cha kuokota. Chakula kile kile na usiku ule ule, tofauti ni sababu ya kukiweka. Kwetu mwezi wa mavuno ndiyo siku ya sita. Halafu kuna kipimo, ambacho wahubiri wa pande zote mbili wanakiruka: pishi moja, kile kipimo cha zamani cha nafaka, kwa kila kichwa. Mungu hakuwaambia waokote "kiasi". Aliwapa chombo cha kupimia.

Kwa hiyo hesabu si kukosa imani. Kaya ya watu sita inayomaliza debe tatu kwa mwezi inahitaji debe thelathini na sita kwa mwaka, yaani magunia sita ya debe sita sita, bila lumbesa. Yawekewe dawa ya dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, au yaingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kaya isiyoijua namba hiyo haiwezi kusema imeridhika, maana haijui inaridhika na nini.

Baadaye nilikuja kujua kwamba ndugu yetu aliuza kwa sababu alikuwa na deni la mbolea. Andiko lilikuja nyuma, kama kanga ya kufunika aibu. Simlaumu. Wengi wanaouza Julai bei ikiwa chini hawana tamaa wala imani kubwa, wana ada na madeni, na sisi tuliosema amina tulimpunguzia aibu bila kumpunguzia deni.

Je, basi tuhimizane kujaza vihenge? Hapo nasita. Nimeona Rungwe watu waking'oa migomba ya chakula kupisha parachichi, mti unaokaa kama miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa, na muda wote huo ndizi wananunua sokoni. Hao nao hawakupima pishi yao. Na yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kubomoa ghala ajenge kubwa zaidi, kosa lake silioni kwenye ghala, kwani Yusufu naye alijaza ghala Misri akaokoa watu. Msikilize anavyozungumza: mavuno yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Hakuna mtu mwingine hata mmoja ndani ya maneno yake.

Ndiyo maana swali langu kwa mwenye kihenge linahusu gunia la saba, lile linalozidi mahitaji ya kaya yake. Februari, mahindi yakiwa bado mabichi shambani na debe sokoni limepanda, kuna wanaolitoa kwa masharti ya kurudishiwa magunia mawili msimu ukifika. Wanaita biashara, na wanakuja ibadani kama kawaida.

Yule mzee aliyeguna alimpa ndugu yetu debe nne Februari hii. Alipoulizwa atarudishiwa ngapi, alishangaa.

"Nne," akasema. "Kwani nilimpa ngapi?"