Kauli ya "Ujauzito si Ugonjwa" Inawaponza Kina Mama

Mjamzito anayelalamika kwamba kichwa kinamuuma au miguu imevimba hujibiwa yale yale: ujauzito si ugonjwa, wanawake wamezaa tangu enzi na enzi. Ni kweli wamezaa, na tangu enzi hizo hizo wamekufa wakizaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 pekee wanawake wapatao 260,000 walifariki kwa sababu zinazotokana na ujauzito na uzazi. Kauli hiyo inadhuru kwa sababu inachukulia kwamba kila lililo la maumbile ni salama, ilhali mageuko ya viumbe huhifadhi kile kinachoendeleza kizazi, hata pale ambapo mama anaumia.

Tazama nyonga. Kichwa cha mtoto wa sokwe hupita kwa nafasi, lakini kwa binadamu, mwenye ubongo mkubwa na mwendo wa kusimama wima, njia ni finyu, na isitoshe hubadilika umbo: juu ni pana kutoka ubavu hadi ubavu, chini ni pana kutoka mbele kwenda nyuma. Ndiyo maana mtoto huingia akitazama upande, hukunja kidevu kifuani, hugeuka akiwa njiani, na kwa kawaida hutoka uso ukielekea mgongoni mwa mama, kisha mabega nayo yakageuka kumfuata. Mzunguko huo ukikwama na msaada ukachelewa, uchungu pingamizi huweza kumwachia mama fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi ukeni, au kumuua.

Linalonishangaza zaidi, hata hivyo, ni kondo la nyuma. Seli zake hupenya ukuta wa mji wa mimba na kuitanua mishipa ya mama hadi ipoteze uwezo wa kujibana, ili damu imfikie mtoto bila kizuizi. Mwaka 1993 mwanabiolojia David Haig aliueleza uhusiano huu kuwa ni mvutano, kwa kuwa mtoto, ambaye nusu ya jeni zake zimetoka kwa baba, hunufaika kwa kuvuta lishe kuliko kiasi ambacho kingemfaa mama kutoa. Homoni za kondo hupunguza nguvu ya insulini ya mama ili sukari ibaki katika damu, na mwili ukishindwa kufidia, hapo ndipo kisukari cha mimba huingia. Seli zisipopenya vya kutosha, mama huwa katika hatari ya kupanda kwa shinikizo la damu na hatimaye kifafa cha mimba. Hata mtoto akishazaliwa salama, kondo likibanduka huacha kidonda kipana mahali ambapo, mwishoni mwa mimba, ilikuwa ikipita zaidi ya nusu lita ya damu kwa dakika. Misuli ya mji wa mimba isipojikaza, mama huweza kuvuja damu hadi kufa kwa muda mfupi mno.

Dawa zipo, nazo si ngeni: oksitosini ya kuukaza mji wa mimba, magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege za kifafa cha mimba. Lakini hazimfikii mwanamke aliyeambiwa akapumzike. Anaposema kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, apimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo, kabla mtu yeyote hajamwambia kwamba ni mambo ya kawaida.